Milango ya nyuma: pengo la mishahara lilivyopanuka Ujerumani huku sheria ikibaki palepale

Hadi tarehe 31 Desemba 2014, Ujerumani haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima. Taifa lenye uchumi mkubwa kuliko yote barani Ulaya, lenye vyama vya wafanyakazi vinavyotajwa kila pembe kwa nguvu zake, halikuwa na kifungu kinachokataza kwa ujumla saa ya kazi kulipwa chini ya kiasi fulani. Hilo halikuwa la kusahau. Lilikuwa la makusudi, na kwa miongo kadhaa lilifanya kazi vizuri kuliko sheria za nchi nyingi zilizokuwa na kima cha chini kwenye vitabu.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu moja. Tukizungumzia mishahara isiyo na uwiano, kwa kawaida tunauliza sheria inasema nini. Kilichotokea Ujerumani kinaonyesha swali la maana zaidi ni jingine: nani anaweza kutoka nje ya sheria hiyo, na kutoka kunamgharimu nini? Sheria kuu haikufutwa. Milango ya nyuma ndiyo iliyoongezeka.

Sheria yenyewe ni ya Aprili 1949, wiki chache kabla ya katiba ya Ujerumani Magharibi kutangazwa. Inasema mishahara ni jambo la vyama vya wafanyakazi na waajiri, serikali ikae pembeni. Chama cha wafanyakazi na chama cha waajiri wa sekta hukaa mezani, hukubaliana, na mkataba wa hali bora unamfunga kila mwajiri aliye mwanachama. Kisheria wanaoweza kuudai ni wafanyakazi wenye kadi ya chama tu. Kwa vitendo mwajiri humlipa kila mtu sawa, mwanachama na asiye mwanachama, kwani akiwabagua wasio na kadi atakuwa anawasukuma wenyewe wakajiunge.

Ndani ya mkataba kuna ngazi. Katika sekta ya vyuma na mitambo, kwa mfano, mshahara wa fundi aliyehitimu ndio kipimo, unahesabiwa kuwa 100, na wengine wote hupangwa kwa asilimia juu yake au chini yake. Kwa hiyo mkataba hufanya kazi mbili kwa pamoja: unaweka kiwango, na unaweka umbali kati ya mtu na mtu. Kazi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa sana, ilhali ndiyo yenye uzito zaidi kwa mada yetu.

Tuitazame kwa karibu. Mwaka 2023 watumishi wa serikali kuu na wa halmashauri za miji walipata mkataba mpya. Badala ya nyongeza ya asilimia peke yake, walikubaliana hivi: kuanzia Machi 2024 kila mshahara uongezwe yuro 200, kisha jumla hiyo ipandishwe kwa asilimia 5.5, na mtu yeyote asipate nyongeza iliyo chini ya yuro 340 kwa mwezi. Mchukue mtumishi wa yuro 2,300. Hesabu ya kawaida inampa nyongeza ya 337.50, kwa hiyo anasogezwa hadi 340, sawa na karibu asilimia 14.8. Sasa mchukue mwenzake wa yuro 5,000: anafika 5,486, nyongeza ya 486, yaani asilimia 9.7. Wa juu kapata yuro nyingi zaidi, lakini umbali kati yao kwa uwiano umepungua. Laiti wangekubaliana asilimia moja kwa wote, uwiano ungebaki ulivyokuwa. Mstari mmoja wa mkataba umebadilisha mgawanyo wa mishahara ya mamilioni ya watu, na hakuna mbunge aliyepiga kura.

Mfumo wa namna hii una sharti moja tu: watu wawe ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu robo tatu ya wafanyakazi wa upande wa magharibi walikuwa kwenye kampuni zilizofungwa na mkataba. Leo, kwa nchi nzima, ni karibu nusu. Vyama vya wafanyakazi vilivyo chini ya shirikisho lao kubwa, DGB, vilikuwa na wanachama karibu milioni 12 mwaka 1991, mara baada ya kuungana kwa nchi. Sasa hawafiki milioni 6.

Muungano wa Ujerumani Mashariki na Magharibi, Oktoba 1990, ulifungua mlango wa kwanza. Viwanda vya mashariki vilikuwa na tija ndogo, na vyama vya wafanyakazi vilitaka mishahara yake ikimbizwe haraka kufikia ile ya magharibi. Waajiri wengi wa huko hawakujiunga kabisa na vyama vyao, au walijiunga kisha wakatoka. Vyama vya waajiri, vikiona wanachama wanayeyuka, vilibuni uanachama wa aina ya pekee: kampuni inalipa ada, inapata wanasheria na huduma zote, lakini haifungwi na mkataba wa mshahara. Unaweza kusema chama cha waajiri kilianza kuuza kinga dhidi ya saini yake chenyewe. Mahakama ziliruhusu, na mtindo ukaenea.

Mlango wa pili ulikuwa ndani ya mikataba. Vifungu viliingizwa vya kuiruhusu kampuni yenye matatizo ilipe pungufu au iongeze saa bila malipo, kwa makubaliano maalumu. Mwaka 2004, kwenye makubaliano yaliyofikiwa mjini Pforzheim, IG Metall, chama cha wafanyakazi wa vyuma, na waajiri wa sekta ya vyuma walipanua nafasi hiyo: si kampuni inayozama tu, hata inayotaka kulinda ushindani na uwekezaji ingeweza kuomba. Binafsi naona mlango huu ndio wenye madhara madogo kuliko yote, kwa kuwa chama kilibaki mezani na mara nyingi kilipata ahadi ya kutopunguza wafanyakazi. Kampuni nyingi za viwanda zilipita kwenye misukosuko ya baadaye zikiwa zima kwa sababu hiyo. Wengine hawatakubaliana nami, na wana hoja.

Mlango wa tatu ndio unaoniudhi. Kwenye mageuzi ya ajira ya serikali ya Chansela Gerhard Schröder, yaliyopitishwa Desemba 2002, sheria ya wafanyakazi wa kukodishwa kupitia mawakala iliandikwa upya. Kanuni mpya, iliyoanza kutumika 2004, ilisema jambo zuri kabisa: anayekodishwa alipwe sawa na mfanyakazi wa kudumu wa kampuni anakopelekwa. Kisha ikaongeza: isipokuwa kama kuna mkataba wa hali bora unaosema vinginevyo. Waandishi wa sheria walidhani, bila shaka, kwamba hakuna chama cha wafanyakazi kitakachosaini kuwashusha watu wake. Kikundi kidogo cha vyama vilivyojiita vya Kikristo, CGZP, kilisaini, na viwango vyake vilikuwa vya chini. Vyama vikubwa vikajikuta vinajadiliana na mawakala ambao tayari wana njia mbadala ya bei rahisi mfukoni. Idadi ya waliokodishwa ilipanda kutoka takriban 300,000 hadi zaidi ya 800,000 katika muda usiofika miaka 10. Desemba 2010 Mahakama Kuu ya Kazi iliamua kwamba kikundi hicho hakikuwa na sifa ya kisheria ya kusaini mikataba hiyo, na madai ya malimbikizo yakafuata. Lakini miaka ilikuwa imeshapita, na kila siku ya kazi kwa bei ile ilishalipwa.

Ona kilichofanyika: kifungu cha kuleta usawa kimegeuzwa kuwa chombo cha kushusha mshahara, na kila neno lake limefuatwa.

Mageuzi hayohayo yalipanua kazi ndogo, zile zinazoitwa minijob. Kuanzia 2003 mtu aliweza kupata hadi yuro 400 kwa mwezi, baadaye 450, bila kukatwa kodi wala michango ya hifadhi ya jamii kama ajira ya kawaida. Kwa mke au mume mwenye mwenza anayelipwa vizuri, kwa mwanafunzi, kwa mstaafu, ilionekana neema. Kwa anayetaka kupanda ngazi, ilikuwa dari: ukivuka kiwango kwa yuro chache, makato yanaanza, kwa hiyo wewe na mwajiri mnakubaliana kutovuka. Madukani, kwenye usafi na kwenye migahawa, saa zikakatwa vipande vipande kuingia kwenye kiwango hicho.

Wapo wanaosema yote haya ni kelele za pembeni, na kwamba pengo lililetwa na kompyuta na biashara ya kimataifa: ujuzi umepanda bei, mikono mitupu imeshuka. Hoja hii haitupwi. Utafiti wa mchumi Christian Dustmann na wenzake, uliochapishwa 2009, ulionyesha kwamba katika Ujerumani Magharibi pengo kati ya wa juu na wa kati lilianza kupanuka tangu miaka ya 1980, na hilo linaendana na maelezo ya teknolojia. Ila pengo kati ya wa kati na wa chini lilianza baadaye, miaka ya 1990, wakati uleule mikataba ilipoanza kupoteza watu. Kompyuta haikusubiri ukuta wa Berlin uanguke.

Kuna ushahidi mwingine unaonishawishi zaidi. Wachumi David Card, Jörg Heining na Patrick Kline walifuatilia wafanyakazi na kampuni zao kuanzia 1985 hadi 2009. Wakaona sehemu kubwa ya ongezeko la tofauti haitokani na mtu kuwa na ujuzi gani, bali yuko kampuni ipi: watu wanaofanana walilipwa tofauti kwa sababu ya geti waliloingilia, na wenye uwezo mkubwa walizidi kukusanyika kwenye kampuni zinazolipa vizuri. Kampuni zilizoanzishwa karibuni zilitofautiana zaidi kwa malipo, na nyingi zilikuwa nje ya mikataba. Kama tatizo lingekuwa ujuzi peke yake, geti lisingekuwa na uzito huo.

Huko chini hali ilifikia pabaya. Saluni za baadhi ya majimbo ya mashariki zilikuwa na viwango vya chini ya yuro 4 kwa saa, tena viwango vya mkataba, vilivyosainiwa na chama. Chama kisicho na wanachama saluni kingegoma na nani?

Hapo ndipo hoja ya sheria ya kima cha chini ilipoanza kupata nguvu, na wapinzani wake wa mwanzo hawakuwa waajiri pekee. Vyama vikubwa vya viwanda, vya vyuma na vya kemikali, vilisita kwa muda mrefu. Kwao, serikali kupanga mshahara ni kuingilia shamba lao, na walihofu mwajiri atasema: sheria inanitaka nilipe hiki, kwa nini nikae na nyinyi? Waliosukuma walikuwa vyama dhaifu, NGG cha vyakula na hoteli, na baadaye ver.di cha huduma. Mkutano mkuu wa DGB mwaka 2006 ulikubali kudai yuro 7.50 kwa saa. Mwaka 2010 ukapandisha dai hadi 8.50. Bunge lilipitisha sheria Julai 2014, na ikaanza tarehe 1 Januari 2015 kwa hiyohiyo 8.50, dai la miaka mitano nyuma ambalo mfumuko wa bei ulikuwa umeshalitafuna.

Takwimu za serikali zilikuwa zimeonyesha kwamba Aprili 2014 kulikuwa na ajira milioni 5.5 zilizolipwa chini ya kiwango hicho, na milioni 4 kati yake zingeguswa na sheria. Zilizobaki ziliachwa nje: wanagenzi, vijana wa chini ya miaka 18 wasio na cheti cha ufundi, baadhi ya walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Asiyekuwa na kazi kwa muda mrefu naye aliweza kulipwa pungufu kwa miezi sita ya kwanza. Kwa kulinganisha na yaliyotangulia, milango hii ni michache na myembamba. Sheria iliongeza pia kwamba kampuni inayotoa kandarasi inawajibika ikiwa mkandarasi wake mdogo halipi. Na katika sekta zenye sifa mbaya, pamoja na minijob, mwajiri lazima aandike saa za kuanza na kumaliza kazi ndani ya siku saba na kutunza kumbukumbu miaka miwili. Ukaguzi ulikabidhiwa maofisa wa forodha, ambao huingia kwenye eneo la ujenzi au jikoni kwa mgahawa wakiwa na sare na wengine na silaha.

Wachumi kadhaa walitabiri mamia ya maelfu ya ajira zitapotea. Hazikupotea. Utafiti mwingine wa Dustmann na wenzake, wa 2022, uliona mishahara ya chini imepanda bila ajira zao kupungua, na ukaona jambo ambalo wengi hawakulitegemea: baadhi ya wafanyakazi wa kipato cha chini walihama kutoka kampuni ndogo zenye malipo duni kwenda kubwa zaidi, zenye malipo bora na ajira thabiti. Idadi ya waliokuwa na minijob pekee ilishuka mapema 2015, huku ajira za kawaida zikiongezeka. Sehemu ya ajira zenye mshahara duni, yaani chini ya theluthi mbili ya mshahara wa kati, ilikuwa asilimia 21 Aprili 2014. Aprili 2023 ilikuwa 16.

Si kwamba ujanja uliisha. Viwanda vya nyama vilikuwa na kima cha sekta yao hata kabla ya 2015, lakini wachinjaji na wakataji wengi kutoka Romania, Bulgaria na Poland hawakuajiriwa na kiwanda. Waliajiriwa na mkandarasi wa mkandarasi. Kwenye karatasi saa ililipwa sawasawa, kisha vikaja makato ya chumba cha kulala, usafiri, hata visu, na saa ambazo hazikuandikwa popote. Malalamiko yalikuwepo miaka mingi. Ilibidi Korona iambukize zaidi ya watu 1,000 kwenye kiwanda kimoja, kiangazi cha 2020, ndipo bunge likapiga marufuku: kuanzia Januari 2021 kazi za kuchinja na kukata zifanywe na waajiriwa wa kiwanda chenyewe, si wa mkandarasi. Mlango ulifungwa kwa kifungu kimoja kifupi, kilichowezekana siku zote.

Na minijob? Kwa muda, kima cha chini kilipopanda, dari ya yuro 450 ilibaki palepale, kwa hiyo nyongeza ya saa ilimaanisha saa chache zaidi. Kwa 8.50 mtu alifanya kazi karibu saa 53 kwa mwezi kabla ya kugonga dari. Kwa 9.35 ya mwaka 2020, saa 48. Mfukoni hakuna kilichoongezeka, ingawa muda wake mtu kabaki nao. Tangu Oktoba 2022 dari imefungwa kwenye kima cha chini chenyewe, saa kumi za wiki, ikaanzia yuro 520. Tatizo la nyongeza kumezwa limeondoka. Dari bado ipo.

Mwezi huohuo kima kilipanda hadi yuro 12, kwa uamuzi wa bunge, ahadi ya kampeni ya Olaf Scholz, chansela wa wakati huo, bila kupitia kamati iliyoundwa kwa kazi hiyo. Kamati ina wajumbe watatu wa waajiri, watatu wa wafanyakazi, mwenyekiti, na wataalamu wawili wasiopiga kura. Ilipokutana tena Juni 2023, bei zikiwa zimepanda asilimia 6.9 mwaka uliotangulia, mwenyekiti alipendekeza nyongeza ya senti 41. Wajumbe wa wafanyakazi walikataa, wakazidiwa kwa kura. Ilikuwa mara ya kwanza kamati kuamua bila maafikiano. Uamuzi wa 2025 ulifikiwa kwa pamoja: yuro 13.90 kuanzia Januari 2026, na 14.60 mwaka 2027.

Kila kima kinapopanda hivyo, kinakuta mikataba ambayo ngazi zake za chini zimepitwa na sheria. Mwajiri anampandisha wa chini kwa sababu lazima. Aliye juu yake kidogo, aliyesomea kazi miaka mitatu, anabaki alipokuwa, na tofauti kati yake na aliyeanza jana inabaki senti chache kwa saa. Kamati haina mamlaka juu ya ngazi ya pili, wala ofisa wa forodha. Ngazi hiyo hupangwa na chama na mwajiri wakikaa mezani, na katika nusu ya ajira za Ujerumani meza hiyo haipo tena.